Ufito wa Shaba

Sokoni Songea wananijua kwa jambo moja: kabla sijanunua maharage, naingiza mkono ndani ya kopo la muuzaji. Natafuta kitako. Kuna wenzetu hulibonyeza kopo kwa chini mpaka likaingia ndani kama kitovu, na ukipimiwa makopo kumi umekwisha poteza moja na bado umesema asante. Kopo la namna hiyo nalijua kwa ncha za vidole, hata nikiwa nasalimiana na mtu wa pembeni. "Mama huyu ana macho mikononi," wauzaji husema. Nami hujibu kwamba macho ya mikononi hayadai miwani, tunaendelea kuvutana bei.

Nalisema hili mwanzoni ili ijulikane kwamba habari ya kitako cha uongo si ngeni kwangu. Ndiyo kazi yangu. Sina pa kujificha.

Baba yangu alikuwa na gobore. Alilirithi kwa baba yake, na lilikuwa na kibali, karatasi yenye muhuri aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Shamba letu lilikuwa Matogoro, kule juu ambako mahindi yanaishia na msitu unaanza, na msitu ule haukuwahi kukubali kwamba mahindi yale si yake. Nyani walikuja asubuhi, nguruwe pori walikuja giza likianza. Kwa hiyo wazee wanne wenye magobore yenye kibali walipanga zamu ya kulinda mashamba ya eneo zima, kila mmoja na siku zake, na kila kaya ilichangia chochote. Nguruwe akianguka, nyama iligawanywa kwa mafungu. Jirani yetu mmoja alikuwa mwalimu, Mwislamu aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alichangia zamu bila kukosa na fungu lake hakulichukua hata siku moja. Baba alisema Mungu akimpa mtu jirani wa namna ile, hana haja ya kuomba kitu kingine.

Gobore si kama bunduki ya askari. Linalishwa kwa mdomo, kama mtoto. Unamimina baruti mtutuni, unafuatisha kitambaa, unashindilia kwa ufito mrefu. Kisha vipande vya chuma, kitambaa tena, unashindilia tena. Mwisho unaweka fataki nyuma, pale nyundo inapogonga. Unapiga mara moja, basi, unaanza upya. Ukikosa, Baba alisema, nguruwe ana muda wa kwenda nyumbani kuaga watoto na kurudi.

Hatari yake iko hapa: gobore lililoshiba na lenye njaa, kwa nje ni lilelile. Ukisahau kwamba limekwisha kula ukalilisha mara ya pili, ukalipiga, mtutu hauwezi kuubeba ule mzigo. Unapasuka usoni pako. Ndiyo maana ufito haukuwa wa kushindilia tu. Ulikuwa na mkato. Ukiuingiza kwenye mtutu mtupu, mkato unakaa sawasawa na mdomo wa mtutu. Ukiuingiza kwenye mtutu ulioshiba, mkato unabaki juu, vidole vitatu. Baba alivipima kwa vidole vya mkono wa kushoto, vile vitatu vya katikati, amevibana pamoja. Alipima, akautoa ufito, akauingiza tena, akapima tena. Sijawahi kumwona akipima mara moja.

"Kichwa husahau," alikuwa akisema. "Ufito hausahau. Vikigombana, usikilize ufito."

Wazee wote wanne walikuwa na sheria hiyo. Mkubwa wao kwa umri, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mkubwa ingawa hatukuwa na damu moja, aliisimamia kama amri ya kumi na moja. Zamu ikipokelewa, gobore linapimwa mbele ya mwenzako. Asubuhi ukimaliza zamu bila kupiga, unalitoa, yaani unapiga hewani, ili lisilale na chakula tumboni.

Ufito wa Baba ulikuwa wa mpingo, kazi ya babu. Mwaka ule ukapasuka nchani.

Nilikuwa nimekwenda Matogoro kwa msiba wa jirani, mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikauona ufito umeegemezwa ukutani, nikaona ule ufa, na mara moja akili ya soko ikaamka. Mpingo mzuri, mzee, mnyoofu. Mjini nilimfahamu fundi wa kuchonga, mtu wa Nakapanya aliyehamia na kufungua kibanda karibu na stendi, aliyekuwa akilia kila siku kwamba mpingo umeadimika. Nikamwambia Baba nitamletea ufito mpya. Alikuwa anatoka kwenda kukaa na wanaume msibani. Akasema, "Sawa, lakini usichelewe, matanga yakiisha nina zamu."

Kesho yake nikasimama mbele ya yule fundi.

"Mti wako umepasuka, mama."

"Umepasuka urefu wa kidole. Uliobaki ni mpingo wa babu yangu."

"Babu yako Mungu amrehemu. Mimi nanunua mti, sinunui ukoo."

"Basi nipe ile fimbo ya shaba pale nyuma, na uniongeze."

Ilikuwa fimbo ya pazia kutoka nyumba fulani ya zamani, shaba nzima, si bomba, inang'aa kama jino la tajiri.

"Nikuongeze nini tena?"

"Miko miwili ya ugali."

"Mashaallah! Na kibanda hutaki?"

"Kibanda kinavuja."

Akacheka, nikajua nimempata. Alisema kwenye mpingo ule atatoa punje za tasbihi, tasbihi tatu nzima labda na zaidi. Kisha, akiwa ameshika msumeno, akaniuliza neno ambalo nimelisikia tena kila siku tangu siku ile.

"Hutaki tuvilaze pamoja kwanza, mama? Upate urefu, na hiki kimkato chake?"

"Wewe kata tu. Kipimo nitakipata kwenye bunduki yenyewe."

Akakata. Nikaondoka na shaba yangu na miko yangu, njiani nikaihesabu ile miko mara mbili, kana kwamba miwili inaweza kugeuka mmoja.

Siku ya tatu nikarudi Matogoro kwa bodaboda. Nyumbani hapakuwa na mtu, wote wako msibani. Gobore lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, halina fataki, limenuna kimya kama kawaida yake. Nililishusha. Nikaingiza ufito wa shaba taratibu mpaka ukagota. Nilitegemea mlio wa chuma kwa chuma. Nikasikia *tup*, kama mtu amegonga godoro. Nikasema ni masizi. Bodaboda alikuwa anapiga honi nje, ana abiria mwingine anamsubiri, na mimi nimekwisha vutana naye bei ya kusubiri, sikutaka aipandishe. Nikachukua tupa, nikakata mkato sawasawa na mdomo wa mtutu. Mkato mzuri, wa kunyooka.

Kile nilichokuwa nimekisahau, na kila mtoto wa nyumba ile alikijua, ni kwamba wakati wa msiba bunduki hazilii. Ndivyo ilivyo kwa wazee wale: jirani akilala mauti, hakuna gobore linalopigwa mpaka matanga yaishe. Kifo kilitokea Baba akiwa zamuni. Hakulitoa asubuhi. Alitoa fataki tu, akalirudisha nyumbani, akalitundika na chakula chake tumboni.

Nilipima juu ya mzigo. Mimi, ambaye siwezi kununua kisado cha maharage bila kupapasa kitako.

Nilipita msibani kumpa ufito. Alikuwa kwenye benchi la wanaume, akainuka akanifuata pembeni, akaugeuzageuza mikononi.

"Mzuri kupita ule wa mpingo. Umeupima?"

"Nimeupima."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Baba."

Nilikuwa nimepima mara moja. Baadaye nilijiambia kwamba hata ningepima mara kumi ningepata jibu lilelile, maana kitu cha uongo ukikihesabu mara mbili kinakupa uongo mara mbili. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Haijanisaidia hata siku moja.

Matanga yaliisha jioni ile, Baba akaingia zamu. Siku ya nne, asubuhi, Mama akanipigia simu. Hakulia. Alisema tu, "Njoo hospitali. Baba yako bunduki imempasukia." Nilifika, nikaambiwa yuko ndani anashonwa. Askari akataka karatasi ya kibali, kwa hiyo nikarudi Matogoro kuichukua na kuleta blanketi. Nikapita shambani, kwenye dungu, kichanja cha kulindia, alipokuwa amekaa. Nyani walikuwa wanakula bila haraka, kama watu waliolipia.

Mtutu ulikuwa umefunguka upande kama ganda la ndizi. Ufito ulikuwa umesimama pale alipouegemeza, mzima, unang'aa. Nikaulaza juu ya mtutu kwa nje, mkato mdomoni, nikafuata chini kwa kidole mpaka kwenye kitako cha mtutu. Ufito haukufika. Ulipungua vidole vitatu.

Nikapima tena. Vitatu.

Nilikaa chini pale dunguni. Sikumbuki muda. Ninachokumbuka ni kwamba nilipoinuka niliuchukua ufito, nikaenda nyumbani, nikaudumbukiza chooni. Nikasikia ukigonga ukuta mara mbili. Kisha nikanawa mikono, nikachukua blanketi na karatasi, nikarudi mjini.

Baba alikuwa ameamka. Jicho moja limefungwa bandeji, lile lilipona baadaye. Mkono wa kushoto ulikuwa mpira wa kitambaa. Vidole vitatu vya katikati havikuwepo tena, vile vya kupimia. Vilibaki gumba na cha mwisho, vimechomoza kwenye kitambaa, vimeachana kama watu waliogombana kwenye benchi. Mama alikuwa ametoka kutafuta maji.

"Nilijua lina kitu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Nilikumbuka kabisa. Nikauingiza ufito, ukasema tupu. Nikauingiza tena, ukasema tupu. Nikasema basi matanga yalipoisha mwenzangu mmoja alilitoa. Nikalilisha."

Nilimfunika blanketi nililoleta.

"Ule ufito uko wapi?"

"Umepotea, Baba."

Alinitazama kwa lile jicho moja.

"Vizuri," akasema. "Basi usionekane."

Hatukuongea tena habari ile mpaka akafa. Miaka saba. Nimeihesabu.

Askari alipoandika maelezo yake, Baba alisema, "Nilisahau. Sikupima." Baba Mkubwa alipokuja na wale wazee wengine wawili wakasimama miguuni pa kitanda, alisema vilevile. Nilikuwa pale. Nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

"Hukupima?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Sikupima, kaka."

"Wewe?"

"Uzee."

Baba Mkubwa alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka, nikadhani atasema pole, akasema, "Sheria ni moja." Wakatoka. Baba alikuwa ametolewa kwenye zamu, na hakuna aliyemwonea. Ndiyo sheria aliyoisimamia mwenyewe kwa wengine: mtu anayeshindilia bila kupima hakai dunguni, maana kesho atamuua anayempokea.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikufungua mdomo palepale. Nimejiuliza bei yangu ilikuwa nini. Ilikuwa ndogo sana, nadhani. Niliogopa aibu. Niliogopa Mama. Na yeye mwenyewe alikwisha lipa, nikajiambia, bidhaa ikishalipiwa hairudishwi. Maneno ya sokoni yana dawa ya kila kitu.

Basi akabaki nyumbani. Msimu wa mahindi ukifika alikaa nje kwenye kigoda, na gobore likilia huko juu aliinua kichwa. "Hilo la Baba Mkubwa," alisema. "Hilo la yule mwenye kikohozi, kaweka baruti kidogo, mchoyo." Alikuwa akiyajua kama watu wanavyojua kengele za makanisa yao. Jioni Mama alimfungua vifungo vya shati, na asubuhi alimfunga. Vifungo saba. Hakuweza kuvishika kwa gumba na kidole cha mwisho. Alijaribu mwezi mzima akaacha.

Watu wakampa jina. Walimwita Mara Mbili. Siku moja nilimfuata kilabuni kumchukua, nikasimama mlangoni, nikamsikia kijana mmoja akiwa na jagi la ulanzi mkononi.

"Mzee Mara Mbili, nimekwisha kumiminia au bado?"

"Umekwisha."

"Una hakika? Maana naona unaweza kusahau, nikamimina juu ya mwingine, ukatupasukia hapa!"

Kilabu chote kikacheka. Na Baba alicheka. Alicheka vizuri kabisa, akiwa ameficha ule mkono chini ya meza. Mtu aliyepima mara mbili kila siku ya maisha yake, ikiwemo ile. Nilisimama pale mlangoni nikahesabu vikombe vilivyokuwa mezani. Vilikuwa tisa. Nikavihesabu tena.

Alikufa mwezi wa saba, baridi ya Songea ilipomshika kifua. Siku nne hospitali, ya tano hakuamka. Katika zile siku nne nilikaa naye kila mchana, na kila mchana nilikuwa na sentensi moja mdomoni, nikaimeza na chai. Siku ya tatu alifungua macho akaniuliza maharage yamefikia bei gani. Nikamwambia. Akasema, "Wanakuibia." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia mimi.

Sasa wazee wa zamu wana desturi moja inayovunja ile ya kwanza. Wakati wa msiba bunduki hazilii, isipokuwa aliyekufa ni mwenzao. Akiwa mwenzao, wakati jeneza linashuka, wale waliobaki wanapiga kila mmoja mara moja, baruti tupu bila chuma, kuelekea msituni. Wanasema ni kuwaambia nyani kwamba mmoja ameondoka lakini zamu ipo. Mtendaji wa mtaa huambiwa mapema ili watu wasikimbie.

Mama hakuliomba hilo. Alijua hawezi kulipata. Mimi nikaamka asubuhi ya siku ya mazishi, nikafunga kanga, nikaenda kwa Baba Mkubwa. Nilibeba sukari, nikabeba majani ya chai, na akilini nilikuwa na jogoo wawili na mbuzi mmoja wa kupandia bei nikibanwa.

Alikuwa anaota jua ukutani.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Poleni. Nitakuja kuzika."

"Nimekuja kuomba mje na magobore."

Akatazama ile sukari.

"Hiyo rudi nayo."

"Ni ya wajukuu tu."

"Wajukuu wana meno mabovu. Mwanangu, baba yako alikuwa rafiki yangu. Nitabeba jeneza, nitatupa udongo. Kupiga hatuwezi. Hatumpigii aliyeshindilia juu ya mzigo. Nikimpigia yeye, nitamwambia nini huyu anayekuja kesho?"

"Ilikuwa mara moja katika maisha yake."

"Nguruwe naye hufa mara moja."

"Nitaleta mbuzi."

"Wewe!" Alinikazia macho. "Hapa si sokoni."

Nikaweka jogoo, akatikisa kichwa. Nikamwambia basi gobore moja tu, la kwake, wengine wasipige. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi apige akiwa huku nyumbani kwake, kama bahati mbaya, sisi tutasikia kule. Hapo alikaribia kucheka, kisha uso ukarudi kuwa mzito.

"Miaka saba sijaelewa," alisema, kana kwamba anaongea na fimbo yake. "Mtu yule alikuwa akipima mpaka tunachoka. Tunamwambia, kaka, nguruwe ameshafika Namtumbo, wewe bado unapima. Halafu asipime? Nilimuuliza hospitalini nikitegemea aniambie kitu kingine. Chochote. Ningemwamini. Akasema uzee. Ningekuwa na neno moja tu la kushika, ningepiga hata nikiwa peke yangu."

Basi bidhaa ile niliyokuwa nimeikalia miaka saba ikawa ndiyo pekee anayoitaka. Sikuwa na kitu kingine cha kuweka mezani.

"Alipima," nikasema.

"Umesemaje?"

Nikamwambia. Mpingo, shaba, miko miwili, bodaboda na honi yake, tupa, ule mlio wa godoro. Nikamwambia alichosema kitandani na nilichokidumbukiza chooni. Nilisema haraka, bila kupunguza, kama mtu anayemwaga gunia lote chini ili mnunuzi achague mwenyewe.

Kuku akapita kati yetu. Akaibana mikono yake juu ya fimbo, mmoja juu ya mwingine.

"Kwa hiyo aliusikiliza ufito."

"Aliusikiliza."

"Na sisi tukamtoa." Akafuta uso kwa kiganja. "Miaka saba nasikia sauti yake nikipita pale njiani. Sikuingia hata mara moja. Nilikuwa na hasira naye."

Nilitaka kumwambia pole. Nikaona neno halina ujazo.

"Tutapiga," akasema mwishoni. "Lakini utayasema haya mbele ya kaburi. Kwa watu wote. Waliomcheka wote wako pale."

"Baba Mkubwa, nitawaambia wale wazee wawili. Faragha. Wao ndio wa zamu."

"Kwa watu wote."

"Mama hajui. Nimwambie kwanza yeye peke yake, halafu baada ya siku arobaini..."

"Mwanangu." Aliinuka, akashika ukuta. "Bei hii haishuki."

Katika maisha yangu yote ya kununua na kuuza, hiyo ndiyo bei pekee niliyolipa kama ilivyotajwa.

Kaburini, katekista alipomaliza sala, mdogo wangu alitakiwa kusoma wasifu wa marehemu. Nikamwomba ile karatasi. Nilisoma mahali alipozaliwa, ndoa, watoto, shamba. Nilipofika palipoandikwa kwamba alipata ajali ya bunduki kwa kusahau, nikakunja karatasi.

"Hapa pameandikwa uongo," nikasema. "Hakusahau. Alipima mara mbili. Kipimo kilikuwa cha uongo, na aliyekikata ni mimi."

Nikaeleza. Sikumtazama Mama. Nilimtazama yule kijana wa jagi la ulanzi, siku hizi mtu mzima mwenye watoto, na yeye alitazama viatu vyake. Mahali fulani nyuma mwanamke aliguna, "Mh!" Nilistahili kulaumiwa zaidi ya hapo.

Baba Mkubwa akanisogelea na gobore lake, na ufito wake wa mti. Akanipa ule ufito.

"Pima."

Nikauingiza. Kwa baruti tupu bila chuma, mzigo ni mdogo. Mkato ulibaki juu ya mdomo, kidole kimoja na nusu. Nikautoa, nikauingiza tena. Kidole kimoja na nusu. Nikamwambia.

"Na ya wenzangu."

Nikapima na ya wenzake, kila moja mara mbili, watu wote wakisubiri na jeneza likiwa kwenye kamba. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye mkono wangu, nikamwomba Mungu yasiingie mtutuni.

Wakageukia msitu. Jeneza likaanza kushuka. La Baba Mkubwa lililia kwanza, milima ya Matogoro ikalirudisha. La pili ndilo la yule mwenye kikohozi, na baruti yake ya kichoyo: fataki ikasema *ta*, likatoa moshi kidogo, basi. La tatu likalia vizuri. Nilikuwa nimepatana magobore matatu. Yaliyolia, nikihesabu mara mbili, ni mawili. Sikudai. Huko juu nyani walibweka kidogo, kisha wakanyamaza.

Jioni, wageni walipopungua, nilimkuta Mama chumbani amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na shati la Baba mapajani, lile la kanisani, anavifunga vifungo kimoja kimoja ili alikunje.

"Ulijua siku zote," alisema, bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, Mama."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Alifunga kingine. Alikuwa amebakiza kola.

"Miaka saba mlikuwa mnajua wawili, mnakaa mezani kwangu, mnakula mboga yangu ya likolo. Mimi kila asubuhi namfunga shati, na moyoni nasema, mwanaume huyu, kupima tu, kupima tu kulimshinda nini?" Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa namfunga kwa hasira, mama. Nilikuwa navuta."

Alimaliza kola, akalikunja shati, akalilaza kitandani upande wa Baba. Nikakaa karibu naye. Hakusogea kunipa nafasi, wala hakuniambia niondoke.